Huku, Kule

Daftari ni la mgodi wa Kilembe, lina safu mbili:
shaba iliyotoka, shaba iliyosafirishwa.
Mgodi ulipolala nikalibeba, halikuwa na mwenyewe.
Juu ya safu nimefuta, nimeandika: Huku. Kule.
Mwaka 2014.

Kule ndiko aliko Ithungu, binti yangu wa tatu.
Dundee, Uskoti. Anaogesha wazee wa watu
na Jumapili hunipigia, nikiwa na bisibisi mkononi
na redio ya mtu imefunguliwa tumbo mezani.

Mei, kule: chuo cha sanaa kimeungua Glasgow,
na maktaba yake ya mbao. Watu wazima
walisimama barabarani wakalia.
Mei, huku: Nyamwamba umefurika tena.
Umeingia kwa Mbambu bila hodi,
umetoka na cherehani.
Nikamwambia, kwenu moto, kwetu maji.
Akanikata: Baba, kwetu ni huko huko.

Julai, huku:


Mistari hiyo nimeiacha.
Aliyekuwapo anajua.

Agosti, kule: mbio za Jumuiya ya Madola,
mita elfu kumi, kijana wetu mbele ya wote!
Nilipiga meza kofi
redio ya mteja, bubu tangu Pasaka,
ikakohoa, ikasema.

Septemba, kule: nchi nzima iliulizwa swali moja.
Tubaki, au twende zetu?
Wakapewa karatasi na penseli,
hata watoto wa miaka kumi na sita,
hata Ithungu, wa Kasese, kwa kuwa anaishi pale.
Ulichagua nini? Akacheka. Kura ni siri, Baba.

Babu yake aliulizwa swali hilo hilo na mlima.
Hakupewa penseli.
Alipanda Rwenzori na mkuki, kijana,
akashuka baada ya miaka ishirini
na kikohozi, na jina la mwanawe kalisahau.
Mwana huyo ni mimi.

Mji wa Ithungu ulisema ndiyo. Nchi ikasema hapana.
Na asubuhi yake? nikauliza.
Asubuhi bibi wa ndiyo na bwana wa hapana
waligombea siagi, kama kila siku.
Hakuna aliyekimbia? Hakuna nyumba iliyochomwa?
Akashangaa. Baba, hapa kwetu?

Hapa kwetu.
Nimelisikia vizuri, simu haikukwaruza.
Ni neno la kuandikwa, na wino upo,
ila kalamu imesimama
juu ya ule mstari mwekundu
unaotenganisha safu.