Nguzo ya Tatu, Mamboleo

Bwana Awuondo, umenipigia mara nne tangu Jumapili.
Kila mvua inaposhuka kutoka milima ya Nandi
taa za bustani zinazimika, na wageni wako
wanapapasa ukuta wakiutafuta mlango.
Unataka nikitoe kile kidude cheupe nilichokiweka.
"Breka ya zamani," wasema, "haikuwahi kulalamika."

Haikulalamika, kweli.
Kazi yake ni kulinda waya usiungue;
habari za watu hakuna aliyewahi kuipa.
Ungeishika nguzo hii, miguu mitupu kwenye nyasi,
stima ya kukuua ingepita mbele yake
kama sisimizi mbele ya askari wa lango,
isiinue hata jicho.

Kwa hiyo leo nimekuja na jembe.
Na mbwa wenu, Bosi, nimemtazama:
huipita nguzo ya kwanza, huipita ya pili,
akikaribia ya tatu hupinda mbali, masikio chini,
kama mdeni aliyeliona duka.
Tangu lini? nikamwuliza Ochola wa ng'ombe.
"Tangu mvua za Machi. Tulidhani amezeeka."

Tukachimba.
Nilitarajia kuzama hadi kwapa. Waya tuliukuta
kina cha kidole, ule mweupe wa ndani ya nyumba,
bila paipu, fyekeo limeshaung'ata mara mbili,
na kiungo chake kimefungwa kwa mfuko wa maziwa
na utepe mweusi ulioachia gundi.
Udongo huu wa kwetu ni mnywaji.
Ulikuwa ukiinywa stima yako, nawe ukilipa bili.

Ndani ya taa, kibaba kizima cha wadudu wa ziwani,
wamekauka, wamelala tabaka juu ya tabaka;
mpira wa kuzuia maji haupo.
Waya wa ardhi, wa kijani na manjano,
umekatwa, ncha ikakunjwa vizuri
kama mkono wa shati la mtu asiye na mkono.

Sitamtukana fundi huyo. Nami nimewahi kuwa na haraka.
Ahero, mwaka wa mafuriko, niliacha kiungo kama hiki
nikisema nitarudi kesho.
Asubuhi ilikuwa ndama tu.
Nasema "ndama tu" hadi leo.

Sasa paipu imelala chini, mkono mzima,
na juu yake utepe wa manjano
wa kumwonya atakayechimba sisi tukiwa hatupo.
Fimbo ya shaba nimeigongomea hadi ikagoma.
Kidude cheupe kinabaki. Nimekibonyeza: ta! Giza.
Nimekirudisha. Nawe kibonyeze kila mwisho wa mwezi,
siku ile unayolipa maji.

Jioni ikanyesha. Taa zote zikawaka ndani ya mvua.
Ochola akanipigia, simu imejaa kicheko:
Bosi ameiendea nguzo ya tatu,
akainusa, akasita,
akainua mguu.