Kibaba cha Shaba

Haba na haba hujaza kibaba,
lakini kibaba hiki ni cha shaba,
shingo yake nyembamba kuliko kidole cha mtoto,
na kikijazwa kupita kiasi hakimwagiki:
hungoja.

Huku Kuhmo, Septemba, giza limeanza kurudi mapema.
Baba yangu Eemeli hupakia risasi zake mwenyewe
juu ya meza iliyokuwa ya cherehani ya mama.
Mizani, faneli, daftari lenye jalada la madoa ya mafuta.
Humimina baruti hadi ifike begani mwa ganda,
huweka risasi mdomoni mwake, kisha mkono wa mashine unashuka,
nasi tunanyamaza tusikie punje zikibanana:
kru.

"Hapo," husema. "Imeshindiliwa, haikuumia."

Alinifundisha nikiwa na miaka tisa:
ukiizamisha mno, moto unakosa pa kupumulia;
ukiiacha ndefu, inagusa mifuo ya mtutu kabla ya kuamriwa.
Kati ya makosa hayo pana unene wa ukucha.
Humo ndimo anamoishi mtu mzima.

Jumamosi nilichukua kalipa nikapima boksi lake la mwisho.
Ya kwanza sawa. Ya pili sawa.
Ya saba imezama milimita moja na ushee.
Ya kumi na moja, zaidi.
Na daftarini, kwa mwandiko wake unaolalia kushoto,
tarakimu ileile mara ishirini,
kama mtoto aliyeadhibiwa ubaoni.

Nikaenda bandani na nyundo ya kung'olea.
Niligonga hadi kiganja kikafa ganzi,
nikamwaga baruti kwenye tuta la viazi vilivyokwisha kuvunwa,
nikajaza upya, moja moja,
nikazipanga ncha zikitazama juu, anavyopenda.

Jioni alikuwa akitafuna mkate mkavu wa rai.
"Umezipima?" aliuliza bila kugeuka.
"Nimezipima."
"Zikoje?"
"Kama ulivyoandika."

Akatafuna. Kru.
Ng'ambo ya kinamasi kulungu dume, mrefu kama farasi,
aliita mara moja, akaacha.

Baba akafuta makombo kwa ukingo wa kiganja,
akayakusanya yote, hata lile lililonasa ufani,
kisha akanisukumia daftari na penseli iliyochongwa upya.
Ukurasa mweupe.
Tarehe alikuwa ameshaiandika,
na chini yake, jina langu.