Akiba Haiozi

Mlango wa stoo uligoma kufunguka.
Nikausukuma kwa bega, kisha kwa kiuno,
na kwenye upenyo wa kiganja nikaona
tulivyo matajiri.

Makopo tisa ya siagi, vifuniko kumi na vinne,
wala hakuna kifuniko kinachojua kopo lake.
Miavuli mitatu, mbavu zimevunjika.
Televisheni ya chogo, bubu tangu Ndekirwa yuko la pili
(leo Ndekirwa ananyoa ndevu).
Kalenda za usharika, miaka kumi na moja.
Na masweta, Mungu wangu, masweta:
kila Julai baridi ya Moshi hunipeleka Memorial,
nasimama juu ya lundo, nachambua, napunguziwa,
narudi Pasua na sweta la kijani.
Sasa nayahesabu. Ya kijani ni manne,
ndugu wasiojuana.

"Akiba haiozi," alisema Elinami mlangoni,
kikombe cha chai mkononi, shahidi wa utetezi.
Nikamwonyesha zulia.
Panya walikuwa wamezalia humo,
ndani ya methali yake.

Siku ya kwanza nilitaka gari la taka libebe vyote.
Nilishajaza viroba sita, nilishavifunga kamba.
Shafii, kijana wa gari, akauliza,
"Mama, hivi vyote ni taka?"
Hakuuliza kwa ubaya.
Alikipima kiroba mkononi kama mtu anayenunua mahindi.
Nikajiona nahamisha stoo yangu tu,
kutoka nyumbani kwangu
hadi chini ya pua za watu wa Kaloleni.
Nikampa elfu yake, nikavirudisha ndani.
Elinami alicheka hadi chai ikamwagika.

Basi nikaanza upya, polepole,
kitu kimoja kimoja, nikikiuliza:
nani anakutafuta huko nje?

Makopo yalikuwa yanatafutwa na Mama Nsia wa karanga za kusaga;
alikuja na ndoo, akapata na vifuniko vya ziada.
Kalenda zikajalidi madaftari ya watoto wa jirani,
upande mweupe nje, Pasaka ya mwaka ule ndani.
Masweta mawili niliyafumua jioni tatu.
Uzi ulitoka umejikunja kama nywele zilizokaa msuko mwezi mzima;
nikaulowanisha, nikauanika, ukakubali kunyooka.
Sasa ni kofia ya mtoto wa Aikande,
ambaye bado hajazaliwa.
Fundi Hemedi wa Majengo akatengeneza mwavuli mmoja
kwa mifupa ya miwili.

Zulia halikupata mtu.
Kuna vitu vinakufa kweli.
Nikalipa elfu nyingine, nikalisindikiza kwa macho
hadi gari lilipokata kona.

Televisheni, fundi alitoa shaba, akatoa utumbo,
akaniachia kasha.
Elinami akalibeba kimya hadi uani,
akatandika majani makavu ya mgomba.
Yule tetea mweusi, anayebagua kila kona,
akaingia siku hiyohiyo.
Ikifika saa mbili usiku mume wangu huchukua tochi,
anakwenda, eti, kuangalia taarifa ya habari.
"Kumi na moja," aliniambia juzi.
Mayai.

Nyuma ya lundo lote kulikuwa na dirisha.
Nilikuwa nimelisahau.
Mnadhani niliuona mlima?
Niliona ukuta wa Mama Kiwelu, bomba linalovuja,
na nepi za mjukuu wake kwenye kamba,
za kitambaa, nane.
Nimezichungulia wiki nzima.
Ni zilezile nane. Zinachafuka, zinafuliwa,
zinapokezana jua.

Stoo ina mwangwi sasa. Nikikohoa, inanijibu.
Kimebaki kitu kimoja msumarini:
ufunguo wa chumba cha Njoro, tulichopanga tulipoanza,
kitanda, jiko la mkaa, sufuria mbili,
na nafasi ya kucheza dansi.
Kufuli lake sijui liko wapi.
Ufunguo huu sijauuliza
nani anautafuta.