Tarakimu ya Mwisho

Jumamosi usiku, Segerea, umeme umekatika.
Natafuta kiberiti kwa mwanga wa simu
ndipo simu ikatetemeka kiganjani kama kifaranga:
Umepokea laki nne na themanini elfu.
Jina, Mwanaidi Shomvi. Simjui.
Nikasoma mara tatu. Nikaketi juu ya ndoo.

Ada ya Nsia ilikuwa laki nne na sabini na tano.
Mungu wangu si mtu wa kuacha chenji,
ila usiku ule aliniachia elfu tano ya bajaji.
Nikapiga magoti kati ya jiko na galoni,
nikashukuru kwa Kichaga,
lugha ninayoombea nikiogopa.

Sikujiuliza.
Hapana, nilijiuliza. Saa saba ya usiku
swali lilikuja likasimama mlangoni kama mdai,
nikalifungulia yule mhubiri wa mtandaoni
anayepaza, "Pokea! Hela isiyo na jasho, pokea!"
Bando likakata. Swali likabaki.

Asubuhi, ibada ya kwanza, nikasimama kushuhudia.
Nikasema, Bwana ametenda. Wakasema, Amina.
Aikande alilia, yeye ana wawili waliorudishwa shule.
Nilimwona akilia,
nikaongeza chumvi.

Baada ya baraka, nje, mnada wa sadaka.
Anaeli kamshika jogoo miguu juu:
"Kumi na mbili! Nani kumi na tatu? Huyu ameokoka!"
Nikanyoosha mkono, mimi mwenye muujiza,
na mkoba ukaanza kuita.

"Samahani dada, nimekosea tarakimu ya mwisho.
Saba badala ya moja.
Hela ya mama hiyo, yuko Muhimbili, wanaitaka leo."
Nilitamani aseme kama matapeli wasemavyo,
ile hela itume kwenye namba hii,
nimfokee, nikate, nirudi kwa jogoo wangu.
Hakusema. Alinyamaza kidogo, kisha:
"Uko kanisani? Nasikia watu wanafurahi.
Basi nitapiga baadaye, dada,
nisikuharibie ibada."

"Kumi na tatu, mara ya kwanza," anasema Anaeli.

Jamani, Biblia yangu ina zipu.
Ndani mna kalamu, risiti za luku,
na mistari ya jirani na mjane
niliyoipaka wino wa njano miaka kumi.
Yote ilinyamaza.
Kilichosema ni adabu ya mwanamke
asiyelijua kanisa langu kwa jina,
aliye tayari kungoja tumalize kushangilia
na mama yake kalala kule.

Nikarudisha palepale, kando ya mikungu ya ndizi,
namba ya siri nimeikosea mara mbili.
Makato yakawa juu yangu, na tozo,
kwa hiyo muujiza, ukiupigia hesabu,
umenila elfu tano na ushei.
Na jogoo nilikuwa nimeshinda.
Anaeli akaniandika deni.

Nimeomba nafasi kwenye matangazo, Jumapili hii.
Mwinjilisti kaniambia, "Mama Nsia, acha tu,
ushuhuda ule umewajenga watu."
Labda.
Lakini Aikande amefunga, leo siku ya tano,
simu kaiweka chini ya mto,
anangoja itetemeke.

Ada bado. Mwanaidi hajapiga tena.
Namba yake nimeihifadhi, na nilipokosa la kuandika
nikaandika Saba Badala ya Moja.

Sijui nitaanzaje. Bwana asifiwe, sawa,
halafu?

Jogoo sijamchinja, nimemfunga kamba uani.
Kumekaribia kucha, amewika mara moja.
Nimeamka, napiga pasi kitenge,
haraka, kabla hajarudia.