Nafasi ya Mwandishi

Kililetwa ndani ya gunia la unga kutoka Kibokoni,
hakina jalada, hakina ukurasa wa kwanza,
mchwa wameanza kukisoma kabla yetu.

"Ni ushairi," asema Umazi. "Tazama vina."
"Ni tiba," asema Mwanaiki. "Mdalasini, habasoda,
dua ya mtoto asiyelala."
Mimi naona pembeni, kwa wino mwingine, deni:
pishi mbili za mchele, Mishi hajalipa.

Kitabu kimoja, rafu moja, nambari moja mgongoni.
Tukabishana hadi chai ya maziwa ikashika utando.

Kompyuta nayo ina lake:
nafasi ya mwandishi haipiti tupu.
Naandika *Hajulikani*. Nafuta.
Mkono huu ulijua kupima mchele,
ulijua usiku wa homa,
utakuwaje haujulikani?

Baada ya adhuhuri akaja aliyekileta, Shekuwe,
shati limemganda mgongoni kwa joto.
Hakuuliza kitabu kimewekwa wapi.
Aliuliza, "Nyanya mumemweka wapi?"

Umazi akakohoa.
Mwanaiki akafungua droo isiyo na kitu.

Nikamvutia kiti.
"Kaa," nikamwambia. "Akiitwa nani?"