Chumvi Imetosha

Kwetu Fort Portal mtu hupewa majina mawili:
la kuandikwa daftarini,
na empaako, la kuitwa na anayekupenda.

Baba alikuwa Araali. Mama, Abwooli.
"Abwooli, koti langu." "Araali, mvua hiyo."
Nyumba ilipumua kwa majina hayo
kama sigiri inavyopumua kwa kupepewa.

Jumatano moja mama akarudi kutoka gulio la Mugusu
na viatu vyetu vya mitumba, na deni,
na baba akasema, polepole,
"Kobusinge."
Jina la kitambulisho.
Ndani yake mna amani,
lakini lilitua mezani
kama sahani iliyopasuka, vipande havijaachana bado.

Nikawa posta.
Toka jikoni hadi sebuleni ni hatua tisa.
"Mwambie baba yako maji yamechemka."
"Mwambie mama yako nimesikia."
Niliyabeba kama kaa la moto kigaeni,
mkono huu, mkono huu,
miaka minane,
wala hapana aliyeuliza kama naungua.

Wakubwa hudhani hasira yao ina mlango wa kufunga.
Ililala nasi blanketi moja.
Mdogo wangu Kasemiire, aliyekwisha kuacha,
akaanza tena kukojoa kitandani.
Hakuambiwa neno. Alijua kwa ngozi.

Jioni ya tano, ukungu umefuta milima yote,
mama aliweka kalo kapuni, akafunika,
akasema na ukuta:
"Mwambie chakula tayari."

Hatua tisa. Kwenye ya sita nikaiba.
"Baba, mama anasema: Araali, karibu chakula."

Akanitazama. Alijua.
Redio ikaendelea kutaja bei ya chai.
Akamega, akachovya, akatafuna kwa muda mrefu,
mchuzi ule hauna chumvi hata chembe,
kwa kuwa mama alipika akifuta macho kwa kiwiko.

"Mwambie Abwooli," akasema,
"chumvi imetosha."

Nilikimbia.
Mama akachovya kidole sufuriani, akaonja,
akabaki na kidole mdomoni kama mtoto,
mabega yakitikisika, kilio au kicheko, sikujua.
Kisha akachukua kopo la chumvi,
akanipita,
akazitembea hatua tisa mwenyewe.

Deni lilikwisha Novemba.
Kasemiire alilowesha godoro wiki mbili zaidi.
Yeye habari ya chumvi
ilichelewa kumfikia.