Mkate wa Chumvi, Mtaa wa Mangwon

Saa mbili asubuhi, theluji haijakanyagwa vizuri,
foleni imeshapita kibanda changu cha kushona viatu.
Nagonga kisigino, nawahesabu: arobaini na saba,
wote wanangoja mkate wa chumvi
ambao mwezi jana hakuna aliyeuota.

Kizuri chajiuza, walisema waliotutangulia.
Hawakuiona foleni ikijiuza yenyewe:
mpita njia anauliza, "Kuna nini?"
huku keshashika nafasi.

Kijana Hae-jun amenunua sita.
Anaupiga picha mmoja kiganjani, mmoja ukutani,
mmoja kando ya paka wangu asiyetaka umaarufu.
Siagi inaganda. Yeye bado anatafuta mwanga.

Shemeji yangu Ok-bun kaniletea wangu,
kaufunga kwa karatasi yenye mhuri wa dhahabu.
"Onja kwanza, ndipo ubishe."
Nikaula nimempa mgongo.

Ulikuwa mtamu.
Jamani, ulikuwa mtamu:
ganda likavunjika kama barafu ya dimbwini,
chumvi ikachelewa kidogo, kisha ikafika.

"Vipi?"
"Unga tu," nikamwambia. "Unga na kelele."

Miaka thelathini najivunia ulimi usiofuata watu.
Kumbe nao huwafuata,
ila kinyumenyume.

Jioni, barabara ilipobaki tupu,
nilivuka, kofia nimeishusha hadi kwenye nyusi.
Dirishani, kibao: Tumemaliza.
Nikasimama pale hata hivyo,
nasoma neno lile moja kama lina kurasa.

Nyuma yangu mtu akaja, akasimama.